Tundu la Redio ya Gari, na Antena Tuliyoisahau



Juma hili nawaombeni tuzungumzie kitu kidogo kama punje ya choroko. Ni tundu lenye upana wa milimita 3.5 tu. Liko kwenye uso wa redio za magari mengi, na pembeni yake zimeandikwa herufi tatu: AUX. Humo mtu huchomeka waya unaotoka kwenye simu yake, na muziki uliomo kwenye simu ukasikika kwenye spika za gari. Na gari ambalo redio yake haina tundu hilo, fundi hulitoboa.

Najua wapo watakaouliza, huyu mzee leo amekosa la kusema? Nchi ina mambo makubwa, yeye anatuletea habari za tundu. Nawaombeni subira. Tundu hili lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo limo swali moja ambalo mimi mwenyewe lilinishika shati barabarani, kule Mapinga, nikakosa jibu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 nilikuwa natoka Bagamoyo kurudi Dar es Salaam. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba ukiacha Zinga na Kerege unafika Mapinga, na mbele kidogo ni Bunju, mlangoni mwa jiji. Zamani Mapinga ilikuwa minazi, mikorosho na nyumba za hapa na pale. Siku hizi ni mji. Nilikuwa na mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na kidogo. Gari langu ni dogo, limetoka Japani likiwa limekwisha kutumika huko, kama magari mengi tunayoyaona mitaani. Redio yake ilikuwa na mlango wa kanda za kaseti na mlango wa sahani za CD, lakini tundu la simu haikuwa nalo.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "safari yote hii tunasikiliza kelele. Pale Mapinga yuko fundi, atatuwekea tundu."

Tukasimama. Fundi tulimkuta chini ya mwembe, na meza yake imejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo mzee," kisha akaing'oa redio yangu kutoka kwenye dashibodi kama mtu anayechomoa muhogo kwenye udongo laini. Mimi nikaagiza dafu, nikakaa kwenye benchi kutazama.

Sasa, kabla sijaendelea na habari za fundi huyo, hebu turudi nyuma. Tujiulize redio iliingiaje ndani ya gari, na kwa nini watu wakaanza kuitoboa.

Mwaka 1930, katika mji wa Chicago, Marekani, bwana mmoja aitwaye Paul Galvin na wenzake walitengeneza redio ya kufungwa kwenye gari na kuiuza kwa umma. Waliita redio hiyo Motorola, na baadaye jina hilo likawa la kampuni yenyewe. Redio zilikuwepo majumbani kabla ya hapo, na walikuwepo pia watu waliojaribu kuzipakia kwenye magari. Taabu ilikuwa moja: injini ya gari hufanya kazi kwa cheche za umeme, na kila cheche hupiga kelele ndani ya redio. Kazi kubwa ya mafundi wa wakati ule ilikuwa kuzinyamazisha cheche hizo ili mtu apate kusikia maneno. Likumbukeni jambo hilo, maana tutakutana nalo tena chini ya mwembe wa Mapinga.

Kwetu sisi redio yenyewe ilichelewa. Kituo cha kwanza cha Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam, kilianza mwaka 1951 na mtambo mdogo uliosikika mjini na viungani tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 shirika hilo likavunjwa, ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo cha Serikali, ambacho wengi wetu tulilelewa nacho kama tulivyolelewa na bibi zetu.

Kwa miaka karibu thelathini baada ya hapo, Tanzania Bara ilikuwa na sauti hiyo moja. Ilisafiri kwa masafa ya kati na masafa mafupi, ikavuka mito na milima. Redio nyingi zilikuwa za betri, na ile kubwa ya mbao au plastiki tuliyoiita redio ya mkulima ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwaka 1973 Serikali ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanaokaribia milioni 2 walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza somo, wakalijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Zilikuwepo salamu za Ugua Pole kwa wagonjwa waliolazwa hospitali. Yalikuwepo Mazungumzo Baada ya Habari. Na yalikuwepo matangazo ya vifo, ambayo yakisomwa nyumba nzima ilinyamaza, maana hakuna aliyejua jina litakalotajwa ni la nani.

Redio ndani ya gari ilikuwa kitu cha wachache. Magari yenyewe yalikuwa machache. Lakini gari lenye redio lilikuwa mali ya mtaa mzima. Nakumbuka mwezi Novemba mwaka 1978, nikiwa mtoto pale Bagamoyo. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera, na Mwalimu Nyerere akawa anazungumza na taifa. Land Rover moja ya Serikali ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara. Dereva wake akafungua milango yote miwili, akaongeza sauti hadi mwisho. Wavuvi, wachuuzi wa samaki, walimu na sisi watoto tukajazana kulizunguka gari lile. Hakuna aliyemwambia dereva abadilishe, na hakukuwa na pa kubadilishia. Tulisikia jambo lile lile, saa ile ile, tukatazamana machoni.

Sisemi hayo ili kuwatamanisha zamani. La hasha. Sauti moja ina mipaka yake. Aliyependa taarabu alisubiri zamu ya taarabu. Aliyependa bendi ya mtaani kwake alisubiri mtangazaji aikumbuke. Na mwenye maoni yasiyolingana na ya wakubwa hakuwa na kipaza sauti. Binadamu hupenda kuchagua, na asipopewa mlango hutafuta tundu.

Tundu la kwanza lilikuwa kanda ya kaseti. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa kanda hiyo mwaka 1963, na kabla miaka ya 1960 haijaisha zilikwisha kutokea redio za gari zenye mdomo wa kuimezea. Kwetu kanda ilipata ardhi yenye rutuba. Bendi zetu kubwa zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania, lakini kiwanda cha kupiga sahani za santuri hapa nchini hatukuwa nacho. Sahani zilitoka Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Sasa mtu afanye nini? Akaweka redio kaseti yake mezani, akangoja wimbo upigwe redioni, akabonyeza kitufe cha kurekodi, akawakemea watoto wasikohoe.

Kutoka hapo biashara ikaota miguu. Vijana wakafungua vibanda vya kunakili kanda, na pale Kariakoo ungeweza kuagiza mchanganyiko wowote uutakao. Usafiri wa watu binafsi mjini uliporuhusiwa mwaka 1983, mabasi tuliyokuja kuyaita daladala yakawa ukumbi wa muziki. Dereva akawa ndiye mtangazaji. Abiria akawa anachagua gari kwa kusikiliza kinachotoka dirishani.

Aliyeumia katika hayo ni mwanamuziki. Wimbo wake ulisikika kutoka Mbagala hadi Mwenge, na yeye anarudi nyumbani kwa miguu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuja kutungwa mwaka 1999, kanda zikiwa zimekwisha kunakiliwa miaka na miaka. Kwa hiyo tunaposifu uhuru wa kuchagua, tusisahau kuuliza bei ya uhuru huo imelipwa na nani.

Wasikilizaji wapenzi, sasa tunafika kwenye kisa kinachochekesha, nacho ndicho kilichofanya redio za magari yetu kuwa bubu.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti, ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa fedha amezipata wapi. Baada ya hapo milango ikazidi kufunguka, na magari yaliyokwisha kutumika yakaanza kuingia kwa wingi. Mengi yalitoka Japani. Sababu ni rahisi: Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani wao uko kulia. Isitoshe, hutunza magari yao na kuyaacha mapema.

Wakati huo huo mambo ya utangazaji nayo yalikuwa yanabadilika. Sheria ya Huduma za Utangazaji ilipitishwa mwaka 1993. Mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika, na kabla ya karne kwisha zikafuata nyingine, Clouds FM ikiwa mojawapo. Vituo hivi vipya vilipendelea mawimbi ya FM, ambayo sauti yake ni safi, haina mikwaruzo ya masafa ya kati. Basi mtu akawa na gari jipya kwake, vituo vipya mjini, na spika nzuri mlangoni. Akawasha redio, ikamjibu kwa mvumo mtupu.

Kwa nini? Dunia karibu nzima hutumia FM kuanzia megahezi 87.5 hadi 108, na sisi tumo humo. Wajapani walipanga kwao kuanzia 76 hadi 90. Kutoka 90 hadi 108 waliwapa jirani zao wa televisheni, chaneli ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa hiyo redio ya gari la Kijapani haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa imefundishwa lugha ya kwao, na hapa kwetu ilielewa maneno machache tu. Kituo kilichokaa chini ya 90, kama Clouds FM kwenye 88.5 pale Dar es Salaam, ilikisikia. Kilichokaa 95 au 104, ilikuwa kama hakijazaliwa.

Wajapani wenyewe walikuja kuzima televisheni yao ya zamani katika sehemu kubwa ya nchi mwezi Julai mwaka 2011, na tangu mwaka 2014 wamekuwa wakiutumia uwanja ule uliobaki wazi kwa kupandisha redio zao hadi 95. Lakini magari yaliyokwisha kuvuka bahari yamekwisha kuvuka.

Mafundi wetu hawakukaa wakalia. Walileta kidude kidogo kama kiberiti kinachofungwa kati ya antena na redio. Kazi yake ni kuyachukua mawimbi ya juu na kuyashusha hadi mahali ambapo redio ya Kijapani inayafikia. Kituo cha 104 unakikuta kwenye 84, au namba nyingine kulingana na kidude chenyewe. Ndiyo maana dereva wa Dar es Salaam akitaka kituo chake hasomi namba, anakumbuka. Lakini kidude hicho kina tabia zake. Kikiwa cha bei ndogo huleta mvumo, vituo viwili hugongana mahali pamoja, na ukitoka mjini sauti inafifia mapema.

Ndugu zangu, hapo ndipo watu wengi walipoichoka redio ya gari. Walianza na kanda na CD. Halafu ikaja simu iliyobeba nyimbo elfu mfukoni, na kanda zikatoweka madukani. Swali likawa moja: nitaupitishaje muziki wa simu yangu hadi kwenye spika za gari hili?

Njia zikawa tatu. Ya kwanza ni kaseti ya bandia. Kwa nje ni kaseti, lakini ndani haina kanda, ina kichwa cha sumaku kinachotazamana na kichwa cha redio na kukinong'oneza, na mkia wake ni waya unaokwenda kwenye simu. Redio hudhani inasoma kanda. Njia ya pili ni kirusha mawimbi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Hicho ni kituo kizima cha redio cha mtu mmoja: kinatangaza ndani ya gari, na redio ya gari inakipokea. Njia ya tatu ndiyo ya fundi wangu wa Mapinga, kupeleka waya moja kwa moja hadi kwenye tumbo la redio.

Nilimtazama akiifanya. Alifungua kifuniko kwa bisibisi, akatafuta mahali ambapo sauti hupita ikiwa bado dhaifu, kabla haijafika kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza, na kabla amplifaya haijaipa nguvu za kusukuma spika. Hapo akalehemu nyaya tatu nyembamba: moja ya spika za kushoto, moja ya kulia, na ya tatu ya ardhi, yaani ile inayorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Nyaya hizo akazifikisha kwenye kitundu alichokitoboa pembeni ya kitufe. Kisha akaingiza sahani tupu ya CD, isiyo na wimbo, ili redio idhani iko kazini na kuufungua mlango wake wa sauti.

Mpwa wangu akachomeka simu. Muziki ukalia. Fundi akawasha injini, na nyuma ya muziki ukatokea mlio mwembamba kama wa mbu. Akikanyaga mafuta, mlio unapanda, akiachia, unashuka.

"Hiyo ni altaneta, mzee," akasema. "Ardhi mbili zinapishana."

Nikamkumbuka Paul Galvin na cheche zake. Miaka zaidi ya 90 imepita, na injini bado inataka kuzungumza ndani ya redio! Fundi akahamisha waya wa ardhi, akaubana mahali pengine, mbu akapungua. Akafanya na mambo mengine huko nyuma ya dashibodi ambayo sikuyatazama, dafu lilikuwa tamu. Mbu akanyamaza kabisa. Nikalipa, tukaondoka.

Na tundu lenyewe, kama mngependa kujua, ni mjukuu wa simu za zamani. Mwishoni mwa karne ya 19, wahudumu wa mitambo ya simu waliwaunganisha wateja kwa kuchomeka vijiti vya chuma kwenye matundu yaliyopangwa ubaoni. Kijiti kile kilikuwa kinene. Kikaendelea kufanywa kidogo ili kifae kwenye redio za mkononi, na mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilipoitoa Walkman, yaani kaseti ya kutembea nayo yenye visikilizio vya masikioni, tundu lake dogo likaenea duniani kote. Kwa hiyo kilichobuniwa ili kuwaunganisha watu wawili wapate kuzungumza, kikaishia kumpa mtu mmoja muziki wake peke yake.

Tangu siku ile ya Mapinga, gari langu likawa na raha. Nyimbo za ujana wangu zote zilikuwa ndani ya simu. Nilipanga mwenyewe nianze na ipi na nimalizie na ipi. Hakuna tangazo la sabuni, hakuna mtangazaji wa kunikatia wimbo katikati.

Sasa njooni tarehe 3 Mei mwaka 2024. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na mpwa wangu tena, pamoja na wageni wawili waliotoka bara, watu wasioijua bahari. Walitaka kuiona, na zaidi ya kuiona walitaka kupanda ngalawa. Nikawaahidi: kesho, Jumamosi, nitawatafutia ngalawa Bagamoyo tuzunguke kidogo. Njia nzima tulikuwa na muziki wa simu. Wageni walichagua, mpwa alichagua, nami nilichagua. Spika nne zilikuwa zinafanya kazi.

Mapinga tukasimama kula. Mama lishe wa pale alikuwa na redio ndogo ya betri imening'inizwa kwenye msumari, antena yake imevunjika na kuungwa kwa waya wa shaba. Nikamwambia kwa furaha kuhusu safari yetu ya kesho. Yule mama akaacha kuosha sahani, akanitazama.

"Baba, ninyi mnatoka wapi? Kimbunga si kinakuja?"

Kimbunga kipi, nikamuuliza. Akashangaa zaidi. Akanieleza kama mwalimu anavyomweleza mtoto mzito: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatahadharisha juu ya kimbunga kinachoitwa Hidaya, na watumiaji wa bahari wanaambiwa wachukue hadhari. Wanaye alikuwa amekwisha kumzuia, ngalawa imevutwa juu ya mchanga.

Na kweli, siku iliyofuata, tarehe 4 Mei, Hidaya ilifika kisiwani Mafia. Ilikuwa imepungua nguvu, tunamshukuru Mungu, lakini ilileta upepo, mvua na mawimbi makubwa, na pwani ya kusini iliathirika kwa mafuriko. Bahari ya siku ile haikuwa ya kutembezea wageni.

Nilirudi kwenye gari kimya. Nikabonyeza kitufe cha redio. Mvumo. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, mvumo mtupu. Hata vile vituo vya chini ya 90 havikuwepo. Nikaenda kwa fundi wangu chini ya mwembe, haikuwa mbali. Akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akatoa waya wa antena ukiwa unaning'inia, haujaungwa popote.

"Kile kidude cha masafa ndicho kilichokuwa kinaleta kelele kwenye tundu, mzee. Nikakitoa, antena nikaiacha. Sikudhani utaihitaji. Wateja wangu siku hizi hawaulizi redio."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Maana alikuwa ameiacha antena wazi tangu mwanzoni mwa mwaka, na mimi, mtu ninayekula mkate wa redio, mtu ninayewaomba ninyi kila juma mnisikilize, sikuwa nimekibonyeza kitufe kile hata mara moja. Fundi alifanya kosa lake la dakika tano. La kwangu lilikuwa la miezi.

Wasikilizaji wapenzi, hapo ndipo swali liliponishika shati. Je, tundu ni baya? Siwezi kusema hivyo. Tumeona historia yake. Watu walirekodi kanda kwa sababu sauti ilikuwa moja na sahani hazikupatikana. Walitoboa redio kwa sababu redio zenyewe zilikuja hazituelewi. Kila tundu lilikuwa na sababu ya haki, na mafundi waliotoboa, wengi wao bila darasa, wanastahili heshima. Nasi wa redio tusijifanye tumeonewa. Tunapojaza saa nzima matangazo ya biashara na vicheko vya studio, tunamfukuza msikilizaji kwa mikono yetu wenyewe, na tusimlaumu akichomeka waya.

Ninachosema ni hiki. Tundu hukupa ulichokwisha kuwa nacho. Umekitia mwenyewe ndani ya simu, unakijua, unakipenda. Antena hukuletea usichokuwa nacho na ambacho hukujua uombe. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akachagua habari ya kimbunga. Hakuna aliyewahi kuomba apigiwe tangazo la kifo cha ndugu yake. Mambo hayo huja bila kuchaguliwa, na lazima yakute mlango uko wazi. Watu waliolizunguka Land Rover mwaka 1978 hawakuwa na uchaguzi, na hilo lilikuwa pungufu lao. Sisi tuliokuwa ndani ya gari langu tulikuwa na uchaguzi wote, na tukawa watu pekee katika barabara nzima wasiojua bahari imechafuka.

Mtaniambia simu nayo huleta habari. Ni kweli, huleta, ikiwa ina salio, ina mtandao, na mwenyewe anaitazama, na dereva haruhusiwi kuitazama akiwa njiani. Mtaniambia pia tundu lenyewe linakwenda zake. Ni kweli vile vile. Mwaka 2016 kampuni ya Apple ilitoa simu isiyo na tundu hilo, wengine wakafuata, na magari mapya huungana na simu bila waya, kwa Bluetooth. Siku moja watoto wetu wataliona tundu la AUX kama tunavyoiona santuri. Lakini swali litabaki pale pale, hata kama waya utatoweka.

Basi ushauri wangu ni mdogo, wa watu wanaopita njia. Ukimpelekea fundi redio yako, mwambie: weka tundu, lakini antena usiiguse. Akikwambia kidude cha masafa kinaleta kelele, mwambie atafute dawa ya kelele au akuletee kilicho bora, asikitupe. Na ukishalipa, kabla hujaondoka, zima muziki wako, bonyeza kitufe cha redio, hakikisha kuna mtu anazungumza upande wa pili. Halafu ukiwa safarini, kila saa inapogonga, zima simu dakika chache usikilize habari. Zikiisha, rudia nyimbo zako kwa amani.

Wageni wangu hawakupanda ngalawa safari ile. Walikaa nyumbani kwangu Jumamosi nzima wakitazama mvua dirishani, na redio ikiwa imewashwa. Yule mama wa Mapinga nilipita kumwona juma lililofuata, nikampelekea betri mpya. Akacheka, akaniuliza, "Baba, siku hizi unasikia?"

Nikamwambia, nasikia, mama.

Tukutane tena juma lijalo, panapo majaaliwa.